Mashua Imepata Mchungaji

Nyakabanda, 9 Februari 2024

Mwanangu Ntare,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, ni magoti tu yanayonisumbua nikipanda kutoka sokoni. Na wewe? Baridi ya Rotterdam imepungua? Unakula?

Mashua yako imefika. Ilibidi wang'oe geti zima ndipo ipite, na mtaa mzima ulitoka kuitazama kama bibi harusi. Sasa imelala uani, kutoka bombani hadi mlango wa choo, mlingoti wake juu ya matofali. Wapangaji wanapita kiubavu. Christella, yule fundi cherehani wa chumba cha mwisho, hana tena pa kuanika vitambaa, na ameanza kunijibu kwa mkato.

Uliniambia kwenye simu kwamba siku mashua itakapofungwa mahali salama majini, siku hiyo utakata tiketi, urudi ubebe watalii, tuishi pamoja. Ni miaka saba sasa tangu uondoke, kwa hiyo sikukawia. Jumanne nilipanda basi Nyabugogo nikaenda ziwa Muhazi. Meneja wa hoteli ya kwanza akanitajia bei ya mwezi kwa dola. Nikamuuliza kama mashua nayo inapewa kifungua kinywa. Hakucheka. Nitajaribu kwingine.

Chumba chako nimekipaka rangi.

Mama yako

Rotterdam, 3 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu. Mimi sijambo, bado nakwangua rangi za boti za watu, mikono ndiyo inayopasuka.

Asante kwa kuipokea. Tajiri wangu alitaka kuitupa, nikaona afadhali iwe mtaji wetu. Hao wa hoteli usiwalipe, watakumaliza. Tafuta ghuba ndogo iliyokingwa na upepo, yenye kina, pawe na mlinzi, pawe na mkataba wa maandishi, na bei iwe ndogo. Ukipapata niambie, nami naacha kazi mwezi huohuo.

Mwanao Ntare

Nyakabanda, 20 Mei 2024

Mwanangu Ntare,

U hali gani? Mimi nashukuru Mungu, naamka.

Nimekwenda Muhazi mara saba. Hoteli tatu, zote dola. Chama cha wavuvi kikasema hakipokei chombo kisichosajiliwa. Nikatafuta usajili: ofisi moja ya Kimihurura, hapa Kigali, ikanituma Muhima, na Muhima wakanirudisha Kimihurura. Christella alihama. Safari ya saba nilikaa kando ya barabara nikalia mbele za watu, mwanamke wa miaka sitini na nane, kwa ajili ya kamba na kigingi.

Hapo ndipo aliponikuta mzee mmoja, Habumugisha, ambaye migomba yake inashuka mpaka majini. Alisema hajui mashua inalipiwaje. Hata mimi sijui. Basi tukafanya kama baba yangu alivyofanya kule Karagwe, ukimbizini, alipokosa malisho: alimkabidhi mtu ng'ombe amchungie. Maziwa ni ya mchungaji, ng'ombe ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa bila kosa la mchungaji, mchungaji analeta ngozi, mwenyewe anaiona, na hakuna anayedaiwa. Habumugisha akaniuliza, "Sasa hii, Mama, maziwa yake iko nini?" Nikamwambia ni samaki, na watu atakaowavusha. Tukanywa urwagwa, pombe yake ya ndizi, kwa mrija mmoja, ukawa ndio mkataba.

Mashua iko majini tangu Jumamosi iliyopita. Hailipiwi hata faranga. Niambie siku, nije kukupokea uwanja wa ndege.

Mama yako

Rotterdam, 31 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Kazi ilinizidi.

Umefanya haraka. Huyo mzee simjui, na hakuna karatasi. Anavusha watu kwa mashua yangu, na mmoja akizama? Itoe hapo kwanza, tafuta mahali penye mkataba, hata ikichukua mwaka. Kisha tutazungumza habari ya tiketi.

Mwanao Ntare

Nyakabanda, 14 Septemba 2024

Ntare,

Natumaini u mzima. Mimi nina hasira, lakini mzima.

Sikuitafutia mashua mahali. Nilikutafutia wewe. Uliomba kina, kipo. Uliomba mlinzi, analala hatua ishirini kutoka kwenye kamba. Sasa unataka karatasi, na nikiipata utataka muhuri. Niambie neno moja tu. Unakuja au huji?

Mama yako

Rotterdam, 19 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Siji. Nikitoka huku sitaruhusiwa kuingia tena, na nina mtoto. Anaitwa Ihirwe, ana miaka miwili. Niliona aibu kukwambia, kwa sababu mama yake na mimi hatukufunga ndoa, na kila uliponipigia ulinitajia chumba. Mashua niliituma ili usiniulize tena lini. Nilijua Muhazi hakuna mahali pa bei yetu. Nilidhani utatafuta miaka mingi, ukiwa na matumaini. Sikudhani utapata.

Nisamehe.

Mwanao Ntare

Nyakabanda, 30 Machi 2025

Mwanangu,

Ihirwe hajambo? Anaongea? Anaongea lugha gani?

Mimi nilikaa na barua yako bila kujua niijibu vipi. Kisha katikati ya Januari Habumugisha akaja hapa kwangu, amelowa, na mzigo kichwani. Alikuwa hajawahi kuja kwangu Kigali, aliuliza njia tangu Nyabugogo. Akautua mzigo mlangoni, akaufungua. Lilikuwa tanga lako, limechanika pembeni. "Imekufa, Mama," akasema. Upepo ulikuja na mvua usiku, kamba ikakatika, mashua ikapasukia kwenye mawe. Hapakuwa na mtu ndani. Aliniletea ngozi, kama tulivyokubaliana.

Nikalishika tanga, nikaliangalia lote, pande zote mbili, kama baba alivyokuwa akifanya. Nikampa chai. Nikamwambia hana kosa, simdai kitu, aende kwa amani. Akalia. Alikuwa amewavusha watoto wa shule bure, kumbe.

Yeye nilimwachilia siku ileile, palepale mlangoni. Wewe nimejaribu tangu Januari, Ntare, na nimeshindwa.

Christella amerudi. Nimempa chumba chako, kwa kuwa uani sasa pana nafasi ya kuanika. Aliniomba tanga akate mifuko ya sokoni, nikamkatalia. Liko chini ya kitanda changu.

Nitumie picha ya mtoto.

Bibi yake Ihirwe