Taa Isiyoua

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu tele kutoka kwa mwanao. Natumai hujambo, na lile goti limepata nafuu. Mimi mwili mzima, ila macho ndiyo yanayougua. Barua zako zimefika zote, na katika kila moja unauliza nitarudi lini kwenye usukani. Nilikaa kimya kwa woga. Leo nitasema.

Jioni ile nilikuwa nakaribia daraja na lori la unga. Kwa mbali nikamulikwa. Unatujua sisi madereva: ukimulikwa, mwenzako anakusalimu au anakuonya mbele kuna jambo. Nikakaza macho nijue ni nani, kisha nikamrudishia taa. Kumbe ni wanajeshi wanaolinda daraja, na ile taa yao mpya ya kijani ya kuwazuia watu bila kuwaua, nayo ndiyo iliyoniunguza macho. Nilipowasimulia wenzangu wodini walicheka, nikacheka nao, halafu kicheko kikageuka kilio.

Kanuni yao ni kuinua mkono kwanza, kisha kuonyesha kibao cha kusimamisha magari, taa iwe ya mwisho. Lakini risasi ukiifyatua utatakiwa maelezo. Taa haiui, kwa hiyo hakuna wa kuiulizia, nao wakawa wanammulika kila ajaye. Mkubwa wao alikuja kunipa pole, akasema nishukuru sikupigwa risasi. Nikamjibu nashukuru sana, sasa anitafutie lori linaloendeshwa kwa kupapasa. Hajarudi tena.

Daktari wa macho amesema sitaona tena, si jicho hili wala lile. Nilimwomba arudie, akarudia. Usukani ndio basi, mama, na uso wako sitauona tena. Nimeumia kuliko ninavyoweza kusema.

Mwandiko huu umeshaona si wangu. Anayeniandikia ndiye mwanajeshi aliyeiwasha taa ile. Alikuja mwenyewe, hakutumwa. Anasema angekuwa ameshika bunduki angesubiri kwanza. Nilimfukuza, akarudi, nikamtukana, akakaa. Sijamsamehe, na hili pia nimemwambia aliandike. Ila ndiye anayenisomea barua zako, polepole, bila kuruka neno.

Nisalimie dada na wanawe, na jirani yetu fundi cherehani. Huyu anayeniandikia ameomba naye akusalimu. Anasema shikamoo. Kumwitikia au kumnyamazia, nakuachia wewe.

Ni mimi,
kitindamimba wako