Doli ya Macalder Iliyovaa Nguo Yako ya Idi

S.L.P. 318,
Migori.
14 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Sainab,

Assalaam aleikum. Natumai umzima huko Doha na goti lako limepoa. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, mvua zimepungua. Nilitaka kukupigia simu, nikaona sauti haitatoka, ndiyo maana naandika.

Unaujua ugonjwa wangu wa kukusanya doli za zamani, zile ndefu za kuvalishwa mitindo. Sasa ziko arobaini na moja, nyingi za mitumba ya soko la Rodi Kopany. Kila nikipata mpya huilaza kando ya ile yako, uliyoletewa na Baba ukiwa na miaka saba, nizilinganishe. Utadhani ni pacha, kumbe moja hutazama mbele, nyingine kando. Moja hukunja magoti, nyingine miguu imekakamaa.

Jumatano aliingia dukani kwangu mwanamke wa rika langu kutoka Macalder, kule Nyatike, jina lake Risper. Alikuwa amesikia habari zangu sokoni. Akafungua leso, akatoa doli.

"Sikuja kuuza," akasema. "Nataka tu kuona kama iko na wenzake."

Niliilaza kando ya yako. Macho yaleyale ya kando, midomo ileile ya chungwa, hata masikio yameota kijani penye herini. Tofauti ni nywele tu: yako nyeusi, yake nyekundu. Kisha nikaliona gauni. Kijani, maua madogo ya manjano. Kitambaa cha nguo yako ya Idi, Sainab. Nikageuza pindo: uzi mwekundu, mishono miwili miwili, kama Baba alivyofunga kila nguo aliyoshona.

Nikamuuliza nani alilishona.

"Baba yangu. Alikuwa fundi hapa Migori, anaitwa Hamud. Alikuwa anakuja kwetu kila Jumatatu."

Jumatatu, dada. Siku ya Baba kwenda kupima sare za shule Nyatike.

Nilikaa chini. Risper akaiona picha ya Baba ukutani, naye akakaa. Ananizidi miezi minne tu. Baba alipoacha kuja, mama yake alimwambia amerudi pwani. Miaka thelathini na moja ameamini kwamba alitupwa, kumbe Baba alikuwa amekufa.

Nilikuwa nawaza namna ya kumficha Mama habari hizi, naye akaingia, ametoka kuswali alasiri. Aliitazama doli ile, akamtazama mgeni.

"Wewe ndiye Risper," akasema.

Alijua. Baba alimwambia siku zake za mwisho, akamsihi amtafute mtoto. Mama hakwenda. Anasema mwanzo ilikuwa hasira, baadaye aibu. Akamwomba Risper radhi mbele yangu, Mama yetu huyu ambaye hatujawahi kumsikia akimwomba mtu radhi. Risper aliuliza tu kaburi liko wapi.

Tulikwenda sote watatu, Mama nimemshika mkono. Risper alisimama pale akizungumza na Baba kwa Dholuo, taratibu, kama mtu anayetoa habari za nyumbani. Muda wote alimwita *wuora*, baba yangu. Tulipokuwa tunageuka kuondoka alinitazama, akasema *wuonwa*. Baba yetu.

Nambari yake nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Mpigie wewe mkubwa wetu.

Msalimie shemeji Ahmednur, na umbusu Fardowsa. Mama anakuombea usiku na mchana. Mola akutunze ugenini na akurejeshe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,
Shamima