Povu Lililomeza Simu ya Bosi

Shoga, uko wapi? Pokea simu basi! Haya, naandika. Nimejifungia stoo.

Leo wamekuja wateja wanaotengeneza masanduku ya barafu kuona lile povu letu la mafuta ya nyonyo, lile linalokauka likawa gumu kama ubao. Bosi akaninyang'anya ndoo. "Leo nachanganya mwenyewe."

Ndoo kaiosha, hajaikausha! Na maji yakigusa ile dawa tunayochanganya na mafuta, povu linaumuka kama limetumwa. Nikamwambia, "Bosi, ndoo ina maji." Akanijibu mbele za watu, "Usinifundishe kazi."

Usinifundishe kazi! Mimi! Nikasogea kando.

Akamimina. Shoga, povu likapanda, likapita ukingo wa ndoo, likatambaa mezani, likaifunika simu yake. Nimeona kwa macho yangu, sikusema kitu. Si kasema nisimfundishe?

Wateja wakapiga makofi. Bosi akaanza kujipapasa mifuko. "Simu yangu iko wapi?"

Nikaingiza mkono kwenye koti langu, nikampigia kwa siri. Shetani tu alinipitia! Povu likaanza kuimba. Mteja mmoja akauliza kwa heshima zote kama huo ni muziki wa maonyesho.

Sasa kaniagiza nilikate povu, niitoe simu mbele yake. Nimemwambia nafuata msumeno. Msumeno ninao mkononi! Ila simu ikitoka, cha kwanza kwenye kioo ni jina langu, atajua ni mimi niliyeliimbisha povu.

Namba yake nakutumia sasa hivi. Mpigie mara kumi, jina langu lishuke. Piga shoga, piga, anagonga mlango!