Kituo Kilichofungwa kwa Uhaba wa Abiria

4 Machi

Mjomba, shikamoo. Waendeleaje, na magoti je? Sisi wazima, mama anakusalimu sana.

Ile njia ya reli ya pembeni mwa mji inafufuliwa, nami hapa masjala ya reli nimepewa kazi ya kuandika historia ya kituo chako cha zamani. Taarifa ya mwisho ina sahihi yako: "Kimefungwa kwa uhaba wa abiria." Lakini mama anasema mwaka ule watu walikuwa wakining'inia milangoni. Nishike lipi?

Mpwa wako

11 Machi

Marahaba, mwanangu. Magoti yananung'unika, mengine salama.

Mama yako hakosei. Abiria walijaa hadi wengine wakipandia madirishani. Tatizo lilikuwa mfereji uliopita chini ya jukwaa la pili na reli zake. Ulijengwa ovyo, maji yakala udongo, ikawa nikitembea pale nasikia mwangwi. Niliripoti. Mhandisi mkuu, aliyeujenga, akaja, akafunga mlango wa ofisi yangu. "Andika abiria wachache," akasema. "Ama mimi nitaandika kwamba stesheni masta alizembea." Mke wangu alikuwa mjamzito, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya reli. Nikatia sahihi.

Haya ni yako peke yako. Usiyaandike.

Mjomba wako

14 Machi

Mjomba, shikamoo. Nisamehe kwa kukatisha salamu, nina haraka. Treni ya majaribio itapita hapo Jumamosi, tarehe 23, na mabehewa ya kokoto na wafanyakazi sitini. Nimemwambia mkuu wangu wachimbe kwanza. Akacheka. "Kwenye ramani hakuna mfereji wowote. Ushahidi uko wapi?"

Ushahidi ni barua yako, Mjomba. Niruhusu niioneshe. Jibu upesi, tafadhali.

Mpwa wako

20 Machi

Mjomba, shikamoo. Barua zikifika ofisini nakuwa wa kwanza kuzipekua, yako hamna. Nimempigia simu jirani yako fundi cherehani, anasema mlango wako una kufuli tangu juzi. Uko wapi? Umenikasirikia, au unaumwa?

Leo nimempa mkuu barua yako. Ameisoma mara mbili. Niwie radhi.

Mpwa wako

22 Machi

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, usihangaike. Naandika nikiwa nyumba ya wageni karibu na kituo.

Barua yako ya tarehe 14 ilinikaa kifuani. Mwisho nikafunga mlango nikapanda basi. Leo asubuhi, baada ya siku tatu za kuogopa kukisogelea kituo, nimewakuta mafundi wakipaka rangi jukwaa la pili. Msimamizi akaniuliza, "Mzee, unatafuta nini?"

"Mahali nilipodanganya."

Akadhani nimerukwa na akili. Nikaomba sururu, wakanipa wapate kunicheka. Pigo la nne sururu ikazama yote, mpini ukaniponyoka. Tukasikiliza. Hatukusikia ilipoangukia. Msimamizi akawaondoa watu wote jukwaani, akapiga simu makao makuu.

Treni haipiti kesho.

Ile barua yangu wape, hukuhitaji ruhusa. Nimeitwa makao makuu Jumanne kujieleza, na naogopa kuliko siku ile niliyotia sahihi. Nisubiri getini, mwanangu, tuingie wote.

Mjomba wako