Mutetemeko Ulienda Wapi?

Mujukuu wangu Wilondja, jambo mingi. Hapa Baraka tuko bazima, na dada yako alizaa mutoto mwanamuke.

Unauliza kama uweke amortiseri ya volan, kile chuma cha kutuliza usukani, ili pikapu yako iache kukutetemesha mikono. Babu yako aliweka yake. Tukatoka Lulimba, volan imetulia, naye anaimba. Mimi sikuvaa viatu, kwa sababu alivikataza juu ya mukeka mupya wa gari. Nikamuuliza:

«We, mutetemeko ulienda wapi? Miguu yangu ingali inausikia.»

Alicheka, lakini akasimamisha gari, akaingia chini. Kifundo kinachoshika gurudumu la mbele kilikuwa karibu kuchomoka.

Weka tu, lakini fundi aangalie chini kwanza. Mimi mpaka leo, kitu kikinyamaza ghafula, navua viatu.

Nyanya yako