Kengele ya Kura Iliponikuta Nje

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 16 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Hujambo huko uliko? Ule mgongo wa kusimama wodini kutwa nzima umetulia, au bado unaufunga mkanda? Shemeji naye hajambo? Na wale mabinti zako wawili, nasikia sasa wanaongea kwa kasi ya kunishinda hata mimi. Picha yao ya mwisho ilinichekesha sana: yule mdogo amelichukua paji la uso la marehemu Baba kama lilivyo, pana la kuanikia nguo. Sisi huku tupo. Mimi ni mzima wa mwili. Mama anaendelea, na habari zake nitakupa kwa kirefu, maana ndizo zilizonikalisha mezani.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Dada, simu nimeinyanyua mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimekuuliza kama huko kuna baridi, nikakata. Huu mdomo wangu, uliowafanya mniite Chiriku tangu meno hayajanitimia, umenikwama. Kwa hiyo naandika. Karatasi hainikatizi, wala hainitazami usoni.

Nianze na dampo. Ulipoondoka lilikuwa ng'ambo ya reli, na harufu yake ilitufikia siku za upepo tu. Sasa limevuka reli, limefika ukutani kwa shule, na linawaka mchana na usiku. Moshi unaingia kwa matundu ya hewa juu ya madirisha. Mama anaanika shuka asubuhi, adhuhuri anazianua zina masizi, anazifua upya, na halalamiki. Ningemsikia analalamika ningepata nafuu, kwa kuwa unamjua Mama, akinyamaza ujue mambo si mazuri. Kikohozi kile cha mwaka jana hakijaondoka. Daktari aliitazama picha ya kifua chake, akaniita pembeni akasema huyu mama aondolewe kwenye moshi, na isiwe mwezi ujao. Nilipomweleza Mama, akasema hatoki kwenye nyumba yake, kwa sababu mwanawe yuko Bungeni na sheria iko njiani.

Sheria yenyewe ndiyo hii. Unakumbuka nilipochaguliwa ulinitania ukasema nimepewa ubunge wa takataka? Ulisema kweli. Jeshi, mipaka na mambo makubwa makubwa yamebaki Bunge kuu. Sisi wa bunge la jimbo tumegawiwa maji, zahanati, shule za watoto wadogo na taka. Basi tukaandaa muswada: marufuku kuchoma taka karibu na makazi ya watu, dampo lile lifungwe ndani ya miezi sita, na wale wanaookota chupa na vyuma pale juu wapewe kazi halali kwenye kituo cha kuchambulia taka. Mwaka mzima nimekaa kwenye kamati nikibishana na watu wanaosema taka hazina pengine pa kwenda. Mwishowe tulihesabu vichwa koridoni, tukahesabu tena. Sisi ishirini na watatu, wao ishirini na wawili. Tofauti ya mmoja tu, lakini tumewazidi.

Hapa nikueleze utaratibu wetu, usije ukanielewa nusunusu. Wakati wa kura ukifika, kengele inalia dakika tano jengo zima. Ikinyamaza, milango inafungwa, na aliye nje yuko nje, hata angekuwa nani. Spika hapigi kura ila zikilingana. Zikilingana, desturi ya bunge letu tangu lianze ni kwamba Spika anaiacha sheria ya zamani ibaki, hata kama moyoni anaipenda mpya. Na muswada ukianguka haurudi mpaka miezi kumi na miwili ipite.

Siku yenyewe nilizungumza vizuri, dada. Wenzangu waligonga meza mpaka glasi za maji zikacheza. Nilipokaa nilikuwa nimevimba kichwa, siwezi kukuficha. Walikuwa wamebaki wasemaji wawili wanaopinga. Mara nikamwona mlangoni mwandishi wa televisheni ananiita kwa kidole. Nikajiambia dakika tatu tu. Tukatoka uani, tukasimama mbele ya maua, nikahojiwa, nikajibu.

Kengele niliisikia. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu kuna njia ya kuisimulia habari hii ambayo mtu angedhani sikuisikia. Niliisikia vizuri sana. Lakini nilikuwa nimejiona kwenye kioo cha gari, kilemba kimekwenda upande, na nikamwomba yule mwandishi turudie. Mimi ndiye niliyeomba, si yeye. Na ile mara ya pili nikanogewa. Nikaeleza kikohozi cha Mama, nikaeleza shuka zake, machozi yakanitoka, ya kweli kabisa. Mwandishi akasema safi sana. Ndipo nikasikia kimya, nikagundua kengele imeacha kulia.

Nilikimbia na viatu mkononi. Mlangoni yuko yule mzee wa glovu nyeupe anayenisalimia kila asubuhi. Alinitazama kupitia kioo, akatikisa kichwa polepole, naye macho yake yalikuwa yamejaa huruma, maana hana ruhusa. Nikabandika uso pale kiooni nikawaona wenzangu wanasimama kuhesabiwa. Ishirini na wawili. Wakasimama wale wengine. Ishirini na wawili. Kiti changu kitupu kilionekana kutoka pale mlangoni. Spika akavaa miwani, akaisoma ile desturi, na muswada ukafa mikononi mwake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pale pale.

Wenzangu hawakunitukana. Mmoja, yule mwalimu mstaafu ninayekaa naye, alichukua mkoba wake kutoka kiti changu akauweka upande wa pili, basi.

Taarifa ya habari ya jioni ilinionyesha mimi kwanza, kilemba kimekaa sawa, machozi yananitiririka. Kisha ikasema muswada umeangushwa kwa kura ya Spika. Nilipofika hapa nyumbani sebule ilikuwa imejaa majirani. Fundi cherehani wa nyumba ya kona, unamkumbuka, ndiye aliyekushonea sare yako ya kwanza ya uuguzi, alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Ana mjukuu wa kike wa miaka mitatu anayepumulia mashine ya mvuke kila jioni. Akaniambia nimewapigania. Mama alikuwa amekaa kwenye kile kiti chake, ananitazama kwa fahari ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nilisema, "Tulijitahidi."

Neno hilo moja nimeliishi siku kumi na tisa. Lawama zote zikamwangukia Spika. Vijana wanampigia miluzi gari lake likipita, na mimi nimesimama nao kituoni nikanyamaza. Wiki iliyopita nilikutana naye ngazini, karatasi zimemjaa kwapani. Anajua vizuri sana nilikuwa wapi. Akasimama, akaniuliza, "Mama hajambo, mheshimiwa?" Nikasema hajambo, nikapita. Dada, nilijiona si kitu.

Sijui ningeendelea mpaka lini. Majina ya waliopiga kura huchapwa kwenye taarifa rasmi ya Bunge, lakini nani mtaani kwetu anaisoma? Basi Mama akaanza. Aliniomba nimletee ule ukurasa wenye jina langu kwenye orodha ya waliosema ndiyo, autie kwenye fremu, autundike pale ukutani chini ya picha ya Baba. Nikamwambia haujachapwa. Siku ya pili nikamwambia mashine imeharibika. Siku ya tatu akaniambia amekwishamwomba seremala amchongee fremu, nimpe tu vipimo vya karatasi.

Alhamisi tulikuwa tunakunja shuka, yeye ameshika ncha mbili na mimi mbili, nikamwambia. Nilimwambia yote, na kilemba pia. Hakuiachia shuka. Alikunja upande wake, akanikaribia, akachukua na ncha zangu, akaiweka juu ya nyingine. Akakohoa kwanza. Kisha akauliza, "Ulikuwa unasema nini huko nje?"

Nikamwambia nilikuwa nasema habari zake.

Alizisawazisha zile shuka kwa kiganja. Halafu akaniuliza kama majirani wanajua. Nikasema hapana. Nikaona nitumie nafasi hiyo, nikamsihi aje kwako, hata kwa miezi michache, kwa kuwa sasa hakuna sheria ya kusubiri. Akanijibu hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Nitakwenda. Lakini sitoki hapa mpaka wajue. Mimi siwezi kuwaaga watu kwa uongo wako."

Unaona alivyonibana? Kila siku niliyochelewa ni siku yake nyingine ndani ya moshi. Jana Jumamosi kulikuwa na mkutano wa mtaa, darasani pale shuleni. Mwenyekiti alipofika kwenye mengineyo nikasimama. Nimezungumza mbele ya kamera, mbele ya mawaziri, sijawahi kupata kigugumizi. Jana nilipata. Niliwaambia Spika hana kosa, kura iliyokosekana ni yangu, na kengele niliisikia. Hilo la kengele niliona nisiliache. Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, kicheko kibaya. Mwenyekiti akawa anaifungua na kuifunga kalamu yake. Mama alikuwa mstari wa mbele, hakugeuka kunitazama.

Aliyesema ni fundi cherehani. Hakusimama. Alisema, "Mwakani tutakuja na viti vyetu tukae uani hapo Bungeni. Ukitoka tutakurudisha ndani." Hakuwa anatania. Mkutano ulipovunjika alimshika Mama mkono akamsindikiza hadi nyumbani, mimi nikabaki napanga madawati peke yangu.

Leo asubuhi alikuja na futi yake shingoni kumpima Mama gauni la safari. Alimpima kifua, akangoja kikohozi kipite, akapima tena. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika taa, maana chumba kina giza tukifunga madirisha. Aliandika vipimo vyake, akamuaga Mama, akapita mbele yangu bila neno. Kesho nitakwenda kwa Spika kumwomba radhi, na nimemwandikia mhariri wa televisheni asahihishe ile habari. Sijui kama ataisoma barua yangu, lakini nimeituma.

Basi dada, Mama anakuja kwako tarehe ishirini na nane. Nitakupigia kukupa saa. Tafadhali mpokee, mtafutie daktari wa kifua mapema, na asikudanganye kwamba amekuja kutembea tu. Dawa zake nimezipanga kwenye mfuko wa bluu pamoja na ile picha ya hospitali. Akikuuliza kuhusu mimi mwambie unajua yote, asije akadhani nimekuficha. Na wewe ukitaka kunigombeza, nigombeze. Nakungoja kwa hilo.

Nisalimie shemeji, wabusu mabinti, na mama mkwe wako mwambie namwombea miguu yake ipone. Huku baba mdogo anakusalimu sana, vilevile shangazi, ambaye tangu jana ananijibu kwa neno moja moja. Mungu akupe nguvu na usiku wa kulala.

Kabla sijafunga: Mama alitaka kujua kama huko kwako kuna chumba cha ziada. Nilidhani anaulizia mizigo yake. Kumbe alikuwa anaulizia yule mjukuu wa fundi. Nikamwambia hakipo, dada, kwa sababu najua hakipo. Mama anaondoka kwenye moshi kwa kuwa ana wewe. Yule mtoto anabaki na mimi.

Mdogo wako akupendaye, ingawa kwa uso ulioinama,

Chiriku