Maneno ya Kujazia Kurasa

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na za mama pia, ambaye hajambo isipokuwa magoti yake yaliyozoea kulalamika. Vipi kile kikohozi, kimekuachia? Najua utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwangu, mtu ambaye mwandiko wake wewe ulizoea kusema umepitiwa na kuku. Vumilia tu, na tafadhali uisome ukiwa peke yako.

Kazi yangu ya kupanga kurasa za vitabu inaendelea. Siku hizi mezani nina kompyuta mbili. Ya kwanza ni ile ya Windows aliyotupatia shemeji, huyo mchumba wako, mimi yangu na wewe yako, akatuwekea kila kitu mwenyewe hadi nywila, nasi tukampigia makofi. Ya pili ni mkweche nilioachiwa na yule mpiga chapa wetu. Aliutia Linux badala ya Windows, ukafufuka.

Nikwambie ukweli, Windows inanidekeza. Faili la mteja yeyote linafunguka, printa inaitika mara moja, vidole vyangu vinajua njia hata nikisinzia. Ubaya wake ni kujisasisha wakati nina haraka zangu. Linux nayo ina ukali wa mlinzi mpya getini. Kila ninachotaka kuweka inanidai nywila, na printa ilinisumbua mpaka nikataka kulia. Lakini tukishaelewana, inafanya nilichoiambia, basi. Wewe na Mac yako ya ofisini najua mtatucheka sote, maana unasema yako inapendeza hata ikiwa imezimwa.

Sasa unaijua ile tabia yangu. Kabla mwandishi hajaleta maandishi yake, mimi hujaza kurasa kwa maneno yoyote yaliyo kichwani, nione herufi zinavyokaa, kisha nayafuta. Hakuna anayeyaona. Siku moja nilijaza kwenye Windows kwamba jino la chini linaniua na sitaki mama ajue. Jioni shemeji akaja na dawa ya jino. Nilipomuuliza nani kamwambia, alicheka, akasema uso wangu unasomeka. Nikaona ana huruma kweli.

Siku nyingine nikajaza, huko huko kwenye Windows, kwamba natamani viatu vyekundu. Akaja na viatu vyekundu, saizi yangu hasa. Mama alifurahi akasema mkwe wake ana roho nzuri. Mimi nilivishika mkononi, nikakumbuka lile jino. Nikageukia Linux, ambayo yeye hajawahi kuigusa, nikajaza ukurasa mzima kwamba namtafuta fundi mwingine wa kompyuta kwa sababu shemeji kazi yake ni ya ovyo. Unajua alivyo na kiburi cha ufundi wake, kama angeusoma asingelala. Alikuja, akanywa chai, habari za fundi hakuzigusia. Aliitazama tu ile mashine ya pili, akaniomba aichukue akaisafishe. Nilikataa, akatabasamu, na tangu hapo kila akija anaiomba tena.

Nilimpelekea mpiga chapa ile Windows. Akanionyesha programu iliyojificha ndani, inayonakili kila herufi ninayogonga na kuituma kwa shemeji. Alisema kosa si la Windows hata kidogo, kwani aliyeiweka mashine na kubaki na nywila angeweza kufanya hivyo hivyo kwenye Linux. Yako iliwekwa siku ileile, na mkono uleule. Ndiyo maana ulikuwa unaniambia kwa fahari kwamba anajua unachowaza kabla hujasema.

Dada, kuna jambo naogopa kuliandika. Yale uliyoninong'oneza jikoni ulipokuja, kwamba humtaki tena, kwamba aliwahi kukukaba shingo na unatafuta namna ya kuondoka polepole asijue, sikumwambia mtu. Lakini yalinikaa moyoni, na kabla ya habari za viatu niliyajaza kwenye ukurasa mtupu, kwenye ile Windows, nikayafuta. Yote, hadi jina la mtaa unaotaka kuhamia. Nisamehe. Sijui nitajisamehe vipi mwenyewe.

Leo amekuja kutuaga. Alisema anasafiri kesho kuja kwako, anataka kukushtukiza, tusikwambie. Kisha akaniuliza, huku anasuuza kikombe chake, kama bado unaishi peke yako. Mama ndiye aliyemjibu.

Barua hii nampa dereva wa kiwanda cha uchapaji, anaondoka sasa hivi, kwa hiyo itamtangulia. Ukiimaliza, nenda kwa shangazi, na ule mtaa usiufikirie tena. Ile Windows yako iache mezani inawaka. Kabla ya kutoka, andika humo kwamba unamkumbuka na unamsubiri.

Mama anakusalimu, na mwenye nyumba na wanawe wote wanakusalimu. Shemeji naye ameomba abebe barua yangu kwako, nami nimempa nyingine. Hiyo niliiandika kwenye Windows, ina salamu tupu na vichekesho. Ikitokea akakukuta kabla hujaondoka, ifungue mbele yake, na pale nilipoandika habari za jino, tafadhali dada, cheka.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye mwandiko wa kuku